Wanawake wa Safu Zilizolowa

Odile Dufau aliingia kwenye mizabibu akiwa msichana wa miaka kumi na sita, na hadi anakaribia sitini hakuwahi kufanya kazi nyingine. Wakati wa baridi alipogoa kwa mkasi vidole vikiwa vimekufa ganzi. Matawi yalipochipua aliyainamisha na kuyafunga kwenye waya, joto lilipokuja akapunguza majani ili zabibu zipate jua. Mgongo wake uliharibika mapema, wala hakuona ajabu. Kwenye vilima vile vya kusini mwa Ufaransa, mwanamke asiyeumwa mgongo huulizwa kama amezaliwa kwa matajiri.

Mumewe Régis alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba hilohilo la Bwana Castaing, na yeye ndiye aliyepiga dawa. Mizabibu haina subira. Mvua ikinyesha, ugonjwa wa ukungu unapanda kwenye majani, na ukichelewa kidogo umepoteza divai ya mwaka mzima. Kwa hiyo Régis alizunguka na tangi lake akinyunyiza, mvua ikiosha anarudia. Walikaa nyumba ya shamba, ukuta mmoja na banda la trekta, wakalea watoto wao wawili hapo. Ovaroli za Régis zilifuliwa pamoja na nguo za watoto, na hakuna aliyewahi kuwaambia wafanye vinginevyo.

Trekta likishapita, wanawake waliingia kwenye safu za mizabibu. Majani yalikuwa bado yamelowa, yanawagusa usoni, na walipotoka mchana mikono ilikuwa ya buluu kwa dawa hadi kwenye viwiko. Walikuwa wakicheka tu. Mchekeshaji wao alikuwa Ghislaine Labat, rafiki wa Odile tangu ujana, mwanamke mnene mwenye mdomo usiotulia.

"Odile, mwambie mumeo ayabadilishe haya manukato," alikuwa akisema. "Mimi nimezoea ya waridi."

"Ya waridi anaweka akiba kwa ajili yangu," Odile alimjibu.

"Basi mbona unanuka kama sisi?"

Pua ya mmoja ikitoka damu, walimpa kitambaa wakaendelea na kazi. Mimba zilizotoka hazikuzungumzwa. Kila mmoja alijua ya mwenzake.

Ghislaine alianza kwa kuchoka. Halafu akakonda, yeye ambaye hakuwahi kukonda, na hospitali ya Bordeaux wakasema ni saratani ya damu. Odile alikwenda kumwona kila Jumapili kwa basi. Siku moja alimkuta ameketi kitandani, kilemba kichwani, macho yanawaka.

"Daktari kaniuliza nafanya kazi gani," Ghislaine alisema. "Nikamwambia, mizabibu. Akaacha kuandika, akaniangalia."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Ndiyo maana nakwambia." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Mwenzangu, hebu tutaje sisi tuliokuwa tunafunga matawi pamoja. Pierrette, titi. Josiane, damu kama mimi. Yule mdogo wake, hakufika arobaini. Tuendelee?"

"Usiendelee," alisema Odile.

"Mimi sitaendelea. Wewe ndiye utakayeendelea."

Alikufa kabla mizabibu haijachipua. Bwana Castaing alikuja mazishini na shada kubwa kuliko la familia, akalia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, maana alikua akimwona Ghislaine shambani kwao tangu akiwa mtoto. Odile alimtazama analia, akashindwa kumchukia. Hilo lilimsumbua baadaye kuliko kama angemchukia.

Binti wa Ghislaine, Armelle, alikuwa mpishi wa shule ya kijiji. Ua wa shule na mizabibu vilitenganishwa na wavu tu, na kutoka jikoni Armelle aliwaona watoto wakicheza mpira huku ukungu wa dawa ukivuka juu ya vichwa vyao. Yeye na Odile, na wanawake wengine wachache wa shambani, walianza kukutana. Walikubaliana mambo mawili: wasiingizwe kwenye safu mpaka dawa ikauke na muda wake upite, na trekta lisipite kando ya shule watoto wakiwa nje.

Bwana Castaing aliwapokea barazani kwake, akawamiminia kahawa mwenyewe.

"Odile, tumekua pamoja," alisema. "Unaijua mizabibu kuliko mimi. Nikisimamisha kazi kila dawa ikipigwa, mavuno yanakwenda. Yakienda, mtakula nini nyinyi?"

"Ghislaine alikula nini, bwana?" aliuliza Odile.

Castaing aliweka kikombe chini. Alisema atawanunulia glavu. Akanunua kweli. Zilikuwa zinachanika kwenye waya kabla ya saa sita.

Basi wakasimama mbele ya shule na kitambaa walichokiandika kwa rangi: HEWA YA WATOTO WETU SI TANGI LA DAWA. Watu wa kijiji walipita kama hawawaoni. Karibu kila nyumba ilikuwa na mtu anayeishi kwa divai, na mnunuzi wa mbali akisikia neno sumu anahamia kwingine. Dukani kwa muuza mikate mazungumzo yalikatika Odile alipoingia, kisha mwanamke mmoja akasema bila kugeuka, "Amekula kwa Castaing maisha yake yote, leo ndiyo anaona chakula kina sumu." Odile alichukua mkate wake akatoka.

Lakini lililomuumiza zaidi lilikuwa nyumbani. Régis alivumilia wiki kadhaa, kisha jioni moja alisukuma sahani.

"Mnaposema dawa ndiyo iliyomuua Ghislaine, unajua nani alikuwa ameshika usukani?"

"Hakuna aliyekutaja, Régis."

"Mnitaje wa nini? Shamba moja, trekta moja, dereva mmoja. Kila mtu anaweza kuhesabu mpaka moja."

"Wewe ulitumwa."

"Nilitumwa, ndiyo. Na nikaenda."

Alitaka kunyanyua glasi, ikagonga sahani, ikagonga tena. Odile aliona kwamba mkono wa kulia haukutetemeka kwa hasira. Ulikuwa unatetemeka peke yake. Alikumbuka Régis alivyokuwa akishindwa kufunga vifungo, alivyoanza kuburuta mguu, na jinsi yeye, aliyekuwa akiwapigania wanawake wote wa shamba, hakumwona mtu anayelala naye.

Daktari alisema ni ugonjwa wa Parkinson. Akasema pia kwamba kwa mtu aliyepiga dawa miaka yote hiyo, ugonjwa huo unaweza kuhesabiwa kuwa umetoka kazini, aombe tu alipwe haki yake. Régis alikataa.

"Nikiomba, nimekubali," alimwambia mkewe ndani ya gari.

"Umekubali nini?"

"Kwamba ilikuwa sumu. Na kwamba niliwamwagia."

Odile alivuta mkanda akamfunga.

Armelle alikuwa amekwenda mahakamani ili kifo cha mama yake kihesabiwe kuwa kimesababishwa na kazi. Wakili wao, mama mmoja mkavu kutoka Bordeaux, aliwaambia wazi: upande wa pili unadai wanawake hawakuingizwa kabla ya muda, na neno la wanawake wenyewe halitatosha, watasema ni marafiki wa marehemu. Anatakiwa mtu mwingine aliyekuwepo. Armelle alimtazama Odile. Odile akatazama mikono yake. Mtu huyo alikuwa mmoja tu, na Odile aliapa moyoni kwamba hatamwomba.

Hakumwomba. Asubuhi ya kesi alikuwa anamnyoa, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuweza tena kushika wembe, Régis akasema, "Koti langu la sherehe liko wapi?"

"La nini?"

"Siwezi kwenda mbele ya hakimu na sweta."

Mahakamani alisimama akishika ubao wa mbele yake kwa mikono miwili ili usionekane mtetemo. Wakili alimuuliza wanawake waliingia lini baada ya dawa kupigwa.

"Mara nyingi nilikuwa sijamaliza upande wa pili. Nilikuwa nawaona kwenye kioo cha trekta."

"Nani aliagiza hivyo?"

"Bwana Castaing. Na baba yake kabla yake."

Wakili wa shamba akasimama. "Wewe ulijua dawa hiyo ni hatari?"

"Kwenye dumu kulikuwa na picha ya fuvu. Siwezi kusema sikuiona."

"Na mke wako alikuwa miongoni mwa wanawake hao?"

"Alikuwa hodari," alisema Régis. "Mara nyingi ndiye aliyetangulia kuingia."

Hakimu alisema shahidi anaweza kukaa. Odile hakuweza kumtazama, wala Régis hakumtazama.

Walishindwa kesi. Mahakama ilisema wanawake waliingizwa mapema, hilo limethibitika, lakini haikuthibitika kwamba ugonjwa ule ulitokana na dawa ile. Armelle aliisikiliza hukumu yote, akaomba apewe nakala.

Baadaye Bwana Castaing alikuja mwenyewe, kofia mkononi, akasema anaihitaji nyumba kwa dereva mpya. Hakuwa na ukali. Walihamia mjini, vyumba viwili juu ya saluni iliyofungwa, na Régis akawa anakaa dirishani akitazama maegesho ya magari.

Mwaka uliofuata meya alikataza trekta kupita kando ya shule watoto wakiwa nje. Ua wa miti ulipandwa penye wavu, miche ikatolewa na Bwana Castaing, wakapiga picha ya gazeti. Odile na Armelle hawakualikwa. Armelle alikata picha ile akaibandika jikoni kwake hata hivyo, kwa sababu watoto walikuwamo na hakuna aliyekuwa akikohoa.

Safu zenyewe hazikubadilika. Sasa wanaoingia ni wanawake wa Moroko na Rumania, wanaletwa na wakala kwa gari dogo. Odile na Armelle huwangoja asubuhi kituoni gari linapowachukua, wakiwagawia karatasi na kuwaeleza wakatae majani yaliyolowa.

"Mama, nikikataa leo, kesho gari halinichukui," mmoja alimwambia, msichana tu, tumbo limeanza kuonekana.

Odile alimpa namba yake ya simu.

Régis alikufa wakati wa mavuno, kwa nimonia, bila kuomba haki yoyote. Kuhusu siku ile ya mahakamani hawakuwahi kuzungumza, hata mara moja. Jumatatu baada ya mazishi Odile alikuwa kituoni tena, gauni jeusi, karatasi mkononi.

Yeye mwenyewe hajaenda kupimwa. Armelle humkumbusha, wakati mwingine kwa ukali, kama binti kwa mama.

"Nitaenda," husema Odile. "Acha kwanza baridi ipite."