Siku Niliyotafsiri "Put Down" Ukweni

Hii aibu niliificha hata kwa ndugu zangu, lakini wacha niwaambie jinsi nusura nimuue ng'ombe wa mama mkwe, tena siku ya kwanza kufika kwake, tena kwa Kiingereza!

Nilitoka Meru na suti ya kuazima (mikono mirefu kupita yangu), nikaenda Karurumo kujitambulisha kwa kina Wawira, mchumba wangu. Nikakuta majirani wamejaa bomani: ng'ombe wa mama yake, yule ambaye maziwa yake yalisomesha watoto wote, aliteleza akaanguka na siku ya tatu hajainuka. Jirani mmoja alikuwa amemleta daktari wa mifugo, mzungu aliyekuwa akitembelea wakulima huko. Daktari akampapasa nyonga, akatikisa kichwa, akasema, "I'm sorry. We have to put her down."

Wawira alikuwa jikoni. Mama akauliza, "Amesema nini?"

Si ningenyamaza tu? Lakini mimi na suti yangu nikajitokeza mbele, maana put ni weka, down ni chini, hapo kuna ugumu gani?

"Anasema atamlaza chini vizuri, Mama, apumzike."

"Lakini si ameshalala?"

"Atamlaza zaidi."

Mama akafurahi kweli, akasema amlaze hata sasa hivi, nami nikamgeukia daktari kwa furaha: "Yes! Put down now! Mama is very happy!" Daktari akaniangalia vibaya, halafu polepole akatoa sindano, kubwa ajabu.

"Muulize ataamka saa ngapi," Mama akasema, "nimkatie nyasi."

Nikauliza. "Doctor, what time will she wake up?"

Mzungu akaganda na sindano mkononi. Wawira akatoka jikoni mbio, mwiko juu: "Mutwiri! Put down ni kuua! Anataka kumuua!"

Weee! Mama akapiga nduru, akamrukia ng'ombe shingoni akamkumbatia, majirani wakamzingira daktari, na mimi natafuta pa kujificha kwenye boma lisilo na hata kichaka! Akaitwa daktari wetu kutoka Runyenjes, akasema nyonga haijavunjika, akamdunga dawa, akatuambia tumwinue kwa magunia na kamba. Tukavuta, suti ikapakwa mavi mpaka kola, na ng'ombe akasimama! Watu walishangilia kama harusi.

Mama akanitazama juu mpaka chini. "Binti nitakupa," akasema. "Lakini hapa kwangu ongea Kimeru, hata kama hatuelewi."

Tangu hapo, nikiona kitenzi cha Kiingereza kimefuatwa na kale kaneno kadogo, iwe up, iwe off, iwe nini, nasema sijui. Na nasema kwa sauti.