Siku Wamama wa Digrii Walipokuja Kwetu

Harufu ya kuku akichemka kwa jiko la makaa mchana hunirudisha Soweto East, Kibera, kwa nyumba yetu ya mabati. Leo niko na ploti mbili za ghorofa hapa Gatina, na form one sikuiona. Niulize nani alinishika mkono. Hakuna.

Wakati huo wanawake waliosoma chuo kikuu walikuwa wamefungua tawi la chama chao mtaa wa Ayany, karibu na kwetu. Walikuwa saba, wote na digrii, na walikutana kwa ukumbi wa kanisa. Kila mwaka walichagua msichana mmoja wa Kibera aliyekosa uwezo, wakamlipia sekondari mpaka mwisho. Mwaka huo dada yangu Nafula aliongoza darasa la nane. Kilichobaki ni wao kuja kuona tunavyoishi.

Mama ni Mluhya. Mgeni wake hakalii ndoo. Aliazima sofa za jirani, Mama Otieno, na vitambaa vyake vyeupe, akachinja kuku wetu wa pekee. Nafula alimwomba aache nyumba ilivyo. Mama akasema hataaibishwa mbele ya watu wamesoma.

Walikuja wawili. Mkubwa wao, mwenye miwani, alipapasa sofa, akatazama sahani ya kuku, kisha akaniita mimi, mtoto wa miaka kumi.

"Hizi sofa ni zenu, kijana?"

"Ni zetu."

"Hakuna jirani amewasaidia nazo leo?"

"Baba alinunua. Tuko na zingine ushago, kwa babu."

Nafula alifungua mdomo. Mama akamkazia macho, naye akaufunga. Yule mwenye miwani akafunika kalamu yake. Wageni wakala, wakashukuru.

Nafasi ilienda kwa msichana wa Laini Saba, hapo hapo Kibera. Januari, Nafula akaanza kufulia watu nguo Ayany. Asubuhi ya kwanza alinipita mlangoni akaniambia, "Kalia sofa yako, bosi." Nilicheka. Nilijiona mwanaume, nimelinda jina la nyumba.

Yule wa Laini Saba ndiye mwenyekiti wa tawi siku hizi. Juzi alikuja kwangu kuomba mchango, nikampa bila kufikiria mara mbili. Kwa ngazi alimpita Nafula akipiga deki. Mimi ndiye nilimwandika kazi.

Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba yule mwenye miwani hakuuliza mara ya pili kwa kukosa kusikia. Alikuwa ananifungulia mlango; alitaka neno moja tu la mtoto. Sijawahi kumweleza Nafula. Yeye alielewa siku ile ile.