Mgeni wa Mizani na Muthokoi ya Mwende

Leo mgeni amekula utafiti wake mwenyewe, na mimi ndiye nimemlazimisha.

Ni msichana anayesomea masters ya lishe. Alikuja kwetu Kalama na mizani ndogo, apime kila kitu Mwende wangu anakula kutwa nzima. Kwetu ndiko kulikuwa kwa mwisho, amalize arudi chuo.

Saa saba akapima sahani ya muthokoi ya Mwende, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, akaandika.

Nikamkaribisha ale. Akakataa.

"Haturuhusiwi, Mama Mwende."

"Kwangu mgeni haondoki na njaa. Usipokula, sijibu swali lingine."

Nikamsukumia sahani iliyokuwa karibu bila kuangalia, maana nilikuwa nanyonyesha katoto kangu kadogo. Akala akamaliza. Kumbe alikuwa na njaa, maskini!

Mwende akarudi kutoka kunawa mikono.

"Mama, chakula yangu iko wapi?"

Mimi na mgeni tukaangalia sahani tupu.

"Andika tu mtoto amemaliza," nikanong'ona.

"Siwezi kudanganya, Mama Mwende. Siku yote imeharibika." Machozi haya hapa.

Nikamshika mkono. "Basi rudi kesho tuanze upya. Lakini utakula kwanza, ndio upime."

Akapangusa macho, akafunga mizani yake.

"Kesho ni muthokoi tena?"

Jameni, nilikosea?