Kabati Katikati ya Chumba

Mtaani walimwita Pindo, maana kila mteja aliyefuata nguo yake aliambiwa, "Imebaki pindo tu." Alikuwa fundi cherehani, mjane, na aliishi chumba kimoja na mama mkwe wake. Kilichowatenga ni kabati la nguo, pana na zito, lililosimama katikati ya chumba. Milango yake miwili ilitazama kitanda cha mama mkwe. Mgongo wake ulitazama cherehani.

Ndani yalining'inia mashati ya marehemu mumewe. Pindo alishataka kuyagawa, ila kila akigusa ufunguo, mama mkwe alishikwa na kikohozi kisicho na mafua.

Alasiri moja ya manyunyu, Pindo alisinzia juu ya pazia alilokuwa akishona. Usingizini akajiona anatembea ndani ya kabati, nalo halina mwisho, na mashati yanampisha taratibu, moja baada ya jingine. Kulinukia sabuni. Mbele huko kuna mtu anaongea. Alipofumbua macho, sauti haikukoma.

"Baba," mama mkwe alikuwa akiyaambia mashati, kama alivyozoea kumwita mwanawe, "yule fundi saa kaleta suruali ileile ipunguzwe tena. Itaishia kuwa kaptula! Anampenda mkeo, na mkeo anamtaka, ila ananionea haya. Mwambie aolewe. Mimi ulimi mzito."

Pindo aliinua kichwa, kitambaa kimemnata shavuni. Kisha akagonga mgongo wa kabati kwa kidole.

"Mama, si uniambie mwenyewe?"

"Kumbe hukulala?"

"Nililala. Umeniamsha."

Mama mkwe akaangua kicheko, na Pindo naye akacheka huku machozi yakimtoka.

"Nikiolewa utabaki na nani?"

"Nitajua mwenyewe."

"Basi siendi bila wewe."

Fundi saa alipopewa sharti hilo, aliuliza tu kama kabati nalo linakuja.

Lilikuja. Wanaume wanne walilibeba, likapita juu ya vichwa vya watu kama nyumba ndogo iliyoamua kuhama, na mama mkwe akalisindikiza, Pindo amemshika mkono. Walipofika walikunywa chai sakafuni, viti vikiwa bado njiani. Mama mkwe akasinzia kikombe mkononi, na Pindo akakichukua polepole kisije kikamwagika.