Maksai Aliyelamba Gauni la Kipaimara

Studio yangu iko Issuna, karibu na gulio. Ni chumba kimoja chenye pazia la buluu, koti moja la wanaume wote, na kompyuta ambayo ukiiwasha unapata nafasi ya kwenda kunywa chai na kurudi. Koti linakaa kwenye msumari. Anayetaka paspoti saizi analivaa, anapigwa picha, analirudisha, nami nahesabu vifungo kabla hajatoka. Akishatoka nahesabu tena.

Kuhesabu najua. Kupanga ndiko kulikonishinda. Kwenye ile programu ya kusafishia picha nilikuwa na folda inayoitwa MPYA. Ilipojaa nikafungua MPYA MBILI, halafu MPYA KABISA, halafu MPYA YA KWELI. Picha niliyokwisha kuimaliza naipa jina la mwenyewe, kwa hiyo kuipata ni kuandika jina tu. Lakini ile mbichi, kama ilivyotoka kwenye kamera, inabaki na namba yake ndani ya MPYA mojawapo, na Mungu ndiye anayejua ipi. Wala sifuti kitu. Mtu akifumba macho, akipiga chafya, naiacha. Kompyuta niliinunua na nafasi yake yote, nafasi hiyo niiache tupu ya nini?

Asubuhi moja, mvua za kwanza zikiwa zimeshalainisha mashamba, aliingia mzee mmoja wa Ihanja, kofia kichwani, viatu vina tope mpaka juu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimemfuata ng'ombe wangu."

"Hapa ni studio, baba."

"Kwani nimesema ni zizi? Ng'ombe wangu yuko humo," akasema, akaionyesha kompyuta kwa fimbo.

Nikamsogezea stuli. Maksai wake alikuwa amepotea malishoni, akaja kuonekana kwenye zizi la bwana mmoja wa kijiji jirani. Bwana yule anaapa kuwa maksai ni wake, amemlea tangu ndama na hajawahi kutoka zizini kwake. Jana yake walikwenda kwa mtendaji wa kijiji, kila mmoja na mashahidi wake. Mtendaji akawasikiliza wote, halafu akasema: "Mashahidi wenu wote ni ndugu zenu. Nileteeni kitu kisicho na ndugu. Mwisho kesho mchana, la sivyo maksai anabaki alipo."

Mzee alikuwa amebakiwa na maksai mmoja nyumbani, na plau haivutwi na ng'ombe mmoja. Mvua nayo ikishaanza haimsubiri mtu atafute jozi.

"Nilipiga naye picha hapahapa kwako," akasema. "Nataka hiyo."

Nikaona kazi ndogo. Nikaandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia. Ikaja picha moja safi kabisa: mzee na kofia yake, amesimama kando ya gari jeupe la kifahari, mkono umenyooka kama anayelishika gari kwa kamba.

"Ng'ombe yuko wapi?"

"Baba, si ulisema nimtoe nikuwekee gari?"

"Nilisema uniwekee gari. Sikusema umfukuze ng'ombe."

"Ulisema, 'Huyu mtoe, ananiharibia heshima.'"

Akasogeza uso karibu na kioo. "Gari lenyewe zuri," akakubali.

Ikabidi niitafute ile mbichi. Nikamwuliza ilikuwa lini. Siku ya mnada, akasema, kama vile mnada ulifanyika mara moja duniani. Nikajaribu kuzipanga picha kwa tarehe, lakini kamera yangu ina betri ya kusahau: kila ikizimika, saa yake inarudi Januari mosi. Kwa mujibu wa kamera ile, watu wote wa Issuna walipiga picha Mwaka Mpya, na wote walifika saa sita usiku.

"Siku hiyo ulimkuta nani hapa?" nikamwuliza.

"Nitamjuaje?"

"Fikiri, baba. Ulikaa wapi? Nani alikutangulia?"

Fimbo ikagonga sakafu. "Wasichana wa kipaimara! Wamejipanga na magauni yao meupe mpaka nje. Mimi mtu mzima nakaa na ng'ombe juani, wewe unawaambia 'tabasamu, tabasamu.'"

Hapo akili ikanijia. Nikazipunguza picha za MPYA mpaka kila moja ikawa kama punje ya hindi. Sura hazionekani tena, ni rangi tu. Nikaanza kuteremka natafuta weupe. MPYA ya kwanza hakuna. MPYA MBILI, nikaona safu nzima nyeupe, nikashangilia. Nikazikuza.

"Hao ni wa Idd," akasema mzee. "Kanzu hizo. Tangu lini msichana wa kipaimara akawa na ndevu?"

Tukaendelea. Kwenye MPYA KABISA weupe ulitokea tena, mwingi, halafu ghafla ukakatika na punje moja nyekundu. Nikaikuza. Mzee, kofia, na maksai mwekundu mwenye paji jeupe.

"Huyo!" Mzee akainuka, stuli ikaanguka. "Huyo! Mwangalie anavyonitazama!" Kisha akakaa, na furaha ikamtoka taratibu. "Sikio liko wapi?"

Alama ya maksai wake ni mikato miwili kwenye sikio la kushoto. Wekundu wenye paji jeupe wako wengi kuanzia hapa mpaka Singida mjini, sikio ndilo lingemtofautisha. Na kwenye picha, mzee alikuwa ameinamisha kichwa kwa mbwembwe, kofia imelifunika sikio lote la kushoto la maksai. Aliivua ile kofia, akaitazama kama yenyewe ndiyo iliyoiba.

Mimi huwa sifungi hesabu kabla ya kuirudia. Nikarudi nyuma picha moja.

Ilikuwa ya msichana wa mwisho wa kipaimara, niliyempiga pale nje mlangoni. Nilimpiga mara mbili, na hiyo ilikuwa ile iliyoharibika. Msichana amefungua kinywa analia. Nyuma yake maksai ameingiza kichwa, ulimi mrefu umelishika gauni, na sikio la kushoto liko wazi kabisa, mikato miwili. Pembeni, mzee anavuta kamba kwa nguvu zote, mdomo umeachama mpaka meno ya nyuma yanahesabika. Nikayahesabu, nikayarudia.

Nilizichapa zote mbili kwa saizi kubwa, bila kuzirekebisha. "Bei tutaongea ng'ombe akirudi," akasema. Nikamwambia bei haijui habari za ng'ombe. Tukashindana pale mpaka nikakumbuka kuwa mchana unakaribia. Nikafunga studio, tukaondoka wote.

Ofisini bwana yule wa kijiji jirani alizipokea picha, akazitazama, akacheka.

"Mtendaji, huyu mama unamjua? Mimi mwenyewe aliniweka mbele ya ndege, na sijawahi hata kuukaribia uwanja wa ndege. Atashindwaje kumweka mzee mbele ya ng'ombe?"

Watu wakacheka. Mtendaji akanigeukia. Mzee naye akanigeukia, kofia mkononi. Kwa mara ya kwanza nikaichukia ndege ile, na ilikuwa imetoka vizuri.

"Ni kweli ndege nilimwekea," nikasema. "Na alitokaje?"

"Vizuri," akajibu, hakuweza kujizuia. "Iko ukutani sebuleni."

"Basi mimi nikitengeneza picha, mteja anapendeza, ndicho anacholipia. Mtazameni mzee kwenye hii. Mtazameni mtoto wa watu. Kama ningeitengeneza mimi, ningemwacha baba huyu mdomo wazi hivi?"

Ofisi nzima ikasogea kuangalia mdomo. Hata mashahidi wa upande wa pili. Mtendaji alijitahidi kubaki na uso wa ofisi, ikashindikana. Akatoka nje na picha hadi alipofungwa maksai, ambaye bwana yule aliagizwa aje naye, akaligeuza sikio, akalinganisha mkato kwa mkato. Kisha akamwuliza yule bwana: "Umesema tangu ndama hajatoka zizini kwako. Issuna kulamba magauni alikwenda na nani?"

Bwana akasema labda alimchanganya na mwingine, na hakuna aliyemsukuma zaidi ya hapo. Kamba ikahamia mkono wa mzee.

Alipofika kwenye njia ya Ihanja alisimama, maksai nyuma yake, akanisubiri nimfikie.

"Ile ya sikio ni nzuri," akasema. "Nitaitundika. Ila kwanza nifunge mdomo."

"Kufunga mdomo ni bei nyingine, baba."

"Ng'ombe umwache."

"Ng'ombe namwacha."

"Na gari?"

Tukaanza upya kupatana palepale barabarani. Maksai alikuwa akiinusa khanga yangu, nami nikarudi hatua moja nyuma.