Siku Waliyoipangia Programu Kufa

Miaka ile kila mtu Dar es Salaam alikuwa amejifunza kupindua kopo kabla ya kulinunua. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, bidhaa zikamwagika madukani, na pamoja nazo yakaja maziwa yaliyopitwa na muda, biskuti zenye harufu ya mafuta ya taa, na vidonge ambavyo tarehe zake zilikwanguliwa kwa wembe. Mke wangu alikuwa na tabia ya kusoma kitako cha kopo kwa sauti mbele ya mwenye duka, pale Temeke, mpaka foleni nzima isikie. Kwa hiyo afisa mauzo wa kampuni ya kompyuta alipokuja ofisini kwetu Kurasini na kusema kwamba programu yetu ya kuandikia ilikuwa inaisha muda wake mwisho wa mwezi, hakuhitaji kueleza zaidi. Alijua tutaelewa nini.

Kampuni yetu ilikuwa ya kutoa mizigo ya watu bandarini, na mimi nilikuwa msimamizi wa ofisi. Tulikuwa na kompyuta tatu katika chumba chenye zulia na kiyoyozi, na hakuna aliyeingia humo na viatu. Programu yenyewe ilikuwa ya skrini ya bluu na herufi nyeupe, na juu ya kibodi palikaa ukanda wa plastiki unaoeleza kazi ya kila kitufe. Mimi niliisoma katika kitabu chake kinene cha Kiingereza, kamusi pembeni, ukurasa kwa ukurasa, maana tangu niache shule darasa la nane hakuna aliyewahi kunikalisha chini anifundishe kitu. Lakini aliyeishi nayo alikuwa mpiga chapa wetu, mwanamke wa rika langu, mzaliwa wa Tandika. Alianza kazi na taipureta. Siku ilipoondolewa mezani kwake alilia waziwazi, na miezi michache baadaye hakuwa akiutazama tena ule ukanda. Barua zote za kampuni zilipita mikononi mwake.

Afisa mauzo alikuwa mtanashati, mwenye manukato mazito yaliyobaki chumbani mpaka jioni. Shikamoo yake aliitoa kwa ukamilifu, kwangu na kwa mpiga chapa, huku amesimama na viatu katikati ya zulia.

"Viatu, mwanangu," mpiga chapa alimwambia.

"Aa, mama! Hayo ya zamani. Mashine za siku hizi haziogopi vumbi."

Alitueleza kwamba watengenezaji, huko ng'ambo, walikuwa wanaacha kulihudumia toleo letu. Sasa lilikuwepo jipya, la picha na kipanya.

"Mwisho wa mwezi ukipita inakuwaje?" mpiga chapa aliuliza.

"Ndiyo imekwisha, mama. Ni kama dawa iliyoexpaya. Wewe utainywa?"

Wote walicheka. Mkurugenzi alikuwa mlangoni, na alicheka pia. Kesho yake alimwita mpiga chapa na kumwambia kwamba mashine mpya zitakuja pamoja na mtu wao aliyekwisha kufundishwa, na kwamba nafasi yake yeye itaisha pamoja na programu. "Si mimi, mama," alimwambia. "Ni teknolojia."

Akaamini. Sote tuliamini kwamba siku ile ikifika skrini itakuwa nyeusi, na kila kilichomo ndani kitapotea. Akaanza kuchapa kila barua aliyowahi kuiandika, mchana kutwa, printa ikilia kama msumeno. Makarani wetu wa bandarini walikuwa wakipita kumtania.

"Mama, ukimaliza hapo utakuwa umechapa bandari nzima na meli zake."

"Na wewe ukimaliza kusimama hapo utakuwa umeota mizizi. Shika karatasi, zinaanguka."

Mimi kitu kilinikwama. Katika kitabu kile chote sikukumbuka mahali palipoandikwa kwamba programu inaijua tarehe ya kufa kwake. Nilirudia sura zote. Halafu nikaona kwamba hapakuwa na haja ya kubishana na kitabu. Kompyuta inajua leo ni lini kwa sababu tumeiambia. Asubuhi moja, kabla ofisi haijajaa, nilimwita mpiga chapa, nikaisogeza tarehe ya mashine mwaka mzima mbele, nikaizima na kuiwasha tena.

Skrini ya bluu ikaja. Barua zake zote zilikuwemo. Alivuta kiti, akaandika mstari mmoja, akauchapa. Karatasi ilitoka na tarehe ya mwaka ambao haujafika.

"Kumbe haifi," alisema.

"Haifi. Wanachoacha ni kujibu maswali na kutuma marekebisho."

"Sisi tumewahi kuwauliza swali?"

Hatukuwahi hata siku moja.

Nilimpelekea mkurugenzi ile karatasi. Alikuwa amemaliza chai na anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Aliitazama, akatema kipande cha kitu pembeni ya meza.

"Najua," alisema. "Jamaa wa mauzo aliniambia siku ileile. Itawaka tu."

"Sasa kwa nini yule dada anaondoka?"

"Mzee, mimi watu wamenizidi humu ndani. Nitampunguzaje? Marehemu mume wake nilikuwa nikisali naye. Nimwambie usoni kwamba simtaki? Hivi anajua ni mashine. Anaondoka hana kinyongo na mtu."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeeleza jinsi alivyomfichia mgonjwa habari mbaya. Nimewahi kuona wezi. Hao walikuwa na aibu ya kukimbia. Huyu alinikaribisha chai.

Nilimweleza mpiga chapa yote, neno kwa neno. Alikwenda kuizima printa, akazikusanya zile karatasi na kuziweka sakafuni. Siku zilizobaki alikuja kwa wakati wake, akaandika barua zilizotakiwa, akaondoka kwa wakati wake.

Sherehe ya kumuaga ilifanyika katika uwanja wa ofisi, siku ya pili baada ya ule mwisho wa mwezi. Kulikuwa na pilau, kreti za soda, na kwenye meza ya mbele kitu kimefunikwa kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki juu yake. Afisa mauzo alikuwa amealikwa, amekaa kulia kwa mkurugenzi, sahani yake ina mapaja mawili ya kuku. Mkurugenzi alisema maneno marefu juu ya utumishi, kisha akavuta kitambaa.

"Mama, kampuni inakuzawadia kompyuta yako mwenyewe!"

Wanawake wa usafi walipiga vigelegele. Mpiga chapa alisimama.

"Ahsanteni. Na mgao huu wa umeme, mtanipa na jenereta?"

Watu walicheka sana. Alisubiri wamalize.

"Na ile programu imo?"

"Imo ileile, mama," mkurugenzi alisema. "Hatukugusa kitu."

"Si imekufa juzi?"

Mkurugenzi alimgeukia afisa mauzo, na yule, mafuta yangali midomoni, akajibu kwa furaha ya mtu aliyeulizwa juu ya bidhaa yake: "Haijafa, mama! Nzima kabisa. Hii itakufaa hata miaka kumi."

"Miaka kumi."

"Au zaidi."

"Yaani kwangu Tandika itafanya kazi miaka kumi, ila hapa Kurasini haiwezi."

Lori lilisikika likirudi kinyumenyume barabarani. Kisha mkurugenzi akacheka, "Mama naye kwa maneno!" na akaanza kupiga makofi. Na watu, makarani walewale waliomshikia karatasi, wakapiga makofi naye. Mpaka leo mikutanoni sipigi makofi.

Alichukua mkoba wake, akatoka getini. Kompyuta aliiacha pale kati ya sahani. Nilimfuata, nikamkuta nje ya ukuta anajifunga vizuri mtandio.

"Dada, ulikuwa unajua yote. Umeuliza ya nini?"

"Wewe uliniambia, kaka. Wao hawakuwa wameniambia." Alimaliza kuufunga mtandio. "Nimetaka waseme kwa vinywa vyao, watu wakisikia. Umewasikia?"

"Nimewasikia."

"Basi. Rudi ukale, wasije wakasema nimekuvuta."

Akavuka barabara. Mimi sikurudi. Nilikwenda nyumbani kwa miguu, na mke wangu aliponiuliza pilau lilikuwaje, nilimwambia sikulionja.