Verlene Stokes: Anayewatafutia wageni wa Dayton wenzao wa gofu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumamosi. Umande bado umelala juu ya nyasi za uwanja wa gofu wa Cutler Creek, na Verlene Stokes tayari amefungua kidirisha cha kibanda chake na kumimina kahawa ya kwanza.

Mwanamume wa makamo anakuja akivuta mfuko wa fimbo. Anatazama huku na huku kama mtu aliyeingia harusini bila kadi.

"Uko na nani?" Verlene anamuuliza.

"Peke yangu, mama. Kama hakuna nafasi naweza kuja siku nyingine."

"Nani kakwambia hakuna nafasi? Jina?"

"Ramiro."

"Ramiro wako wengi. Nipe lote."

Jina lote ni Ramiro Cantú, dereva wa lori aliyehamia Dayton kutoka Texas wiki sita zilizopita. Verlene analiandika kwenye daftari la jalada jekundu, kisha anauliza swali ambalo mgeni huyo hakulitarajia: namba ya mtu wa kupigiwa simu likitokea jambo.

Ramiro anashika kalamu. Anaiweka chini. Anasema familia yake iko mbali, na hapa mjini hajamjua mtu.

"Basi andika yangu, hii hapa," Verlene anasema, kisha anatoa kichwa nje ya kidirisha na kuwapazia sauti wanaume watatu wanaonyoosha migongo pale mwanzo wa uwanja. "Nyie! Mmepungukiwa mtu mmoja, nimewaletea. Katoka Texas. Msimcheke kofia!"

"Anajua kupiga, Bi Verlene?"

"Kukushinda wewe? Hata mjukuu wangu anakushinda, na bado ananyonya kidole."

Wanaume wanacheka. Ramiro anacheka pia, anavuta mfuko wake na kuwafuata.

Hiyo ndiyo kazi ya Verlene, mwenye umri wa miaka 59, kila Jumamosi na Jumapili kuanzia Aprili hadi Novemba. Anapanga nani anaanza saa ngapi na nani anacheza na nani katika uwanja huu wa umma wenye mashimo 18. Hulipwa dola 14 na nusu kwa saa. Siku za shule ni mpishi katika shule ya msingi, akilisha watoto 340.

"Ni kazi ile ile," anasema. "Unatazama nani akae karibu na nani bila kurushiana chakula."

Miaka minne iliyopita, yeye ndiye aliyekuwa mgeni.

Alizaliwa na kulelewa Flint, katika jimbo la Michigan. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha magari, na ndiye aliyemfundisha gofu akiwa na miaka tisa, kwa fimbo za kiume zilizokatwa kwa msumeno zimfikie kifuani. Alipokua, Verlene aliajiriwa kwenye kiwanda cha mikate na kudumu hapo miaka 26. Kila Alhamisi jioni, kwa miaka 22, alicheza mashimo tisa na wanawake wale wale watatu.

Kisha kiwanda kikafungwa. Mumewe alikuwa ameshafariki. Binti yake, Renita, muuguzi wa Dayton mwenye watoto mapacha, akamwambia aje akae karibu naye.

"Watu hudhani ukihama unapoteza nyumba," Verlene anasema. "Nyumba nilipata nyingine wiki ya kwanza. Nilichopoteza ni Alhamisi."

Kwa miezi saba fimbo zake zilikaa chini ya kitanda. Alikuwa akitoka shuleni saa nane mchana, anarudi kwenye vyumba vyake viwili na kukaa. Siku moja Renita alipita kumwona, akasikia sauti mlangoni, akadhani mama ana wageni. Alimkuta akibishana na mtangazaji wa habari za hali ya hewa.

"Nilimwambia, 'Mama, huyo mtu hakusikii,'" Renita anakumbuka. "Akanijibu, 'Najua. Ndiyo maana nashinda.' Tulicheka, lakini nilipofika kwenye gari nililia."

Jioni hiyo Verlene aliandika kwenye bahasha majina ya viwanja vyote vya umma ambavyo angeweza kufika kwa nusu saa. Vilikuwa vitano.

Cha kwanza kilikuwa kizuri mno. Ada yake ilikuwa dola 62 na kigari cha umeme ni lazima, utake usitake. Aliishia kwenye maegesho. Cha pili kilikuwa na kundi la wanawake la kila Jumanne, na moyo ukamruka, lakini mama aliyeshughulikia orodha alimweleza kwa upole kwamba nafasi huenda zikapatikana baada ya miaka miwili.

"Nikamwambia, 'Dada, sina haja ya kiwanja cha kujenga. Nataka mtu wa kucheza naye.'"

Kwenye cha tatu alipangwa na vijana watatu. Mmoja alimuuliza, "Bibi, unacheza au umekuja kutembea?" Walipanda vigari vyao na kumwacha akitembea nyuma na mfuko begani. Hawakumngoja hata shimo moja. Mwisho wa mchezo aliwashinda wote kwa mikwaju sita.

"Niliwashinda, na nikarudi nyumbani mpweke kuliko nilivyoondoka. Sikuwahi kujua kama hilo linawezekana."

Cha nne kilikuwa Cutler Creek.

Mpangaji wa wachezaji wa wakati huo, mzee Hobart Eubanks, hakumuuliza kama anajua kucheza. Alimtazama mikono tu, akaona sugu, akamwambia, "Nenda shimo la kwanza. Kuna vichaa wawili pale. Usiwaamini hata neno."

Wa kwanza aliitwa Shemasi, dereva wa basi mstaafu. Hajawahi kuwa shemasi wa kanisa lolote, ila hufumba macho kabla ya kusukumia mpira shimoni. Wa pili aliitwa Biskuti, mtu mwembamba kama ufito, ambaye mfuko wake wa fimbo daima ulikuwa na biskuti za kugawa.

Shimo la tatu la Cutler Creek lina bwawa. Verlene alipochomeka kijiti cha kuwekea mpira, Biskuti alisafisha koo.

"Dada, samahani. Huo mpira wako unajua kuogelea?"

"Haujafundishwa."

"Basi uage."

Verlene alipiga. Mpira ulipita juu ya bwawa, ukatua mbele ya mipira ya wale wawili.

Kisha Biskuti akamgeukia mwenzake. "Shemasi, leo tumepata mwenzetu au tumepata balaa?"

"Vyote viwili," Shemasi akasema. "Dada, Jumamosi ijayo ni saa moja kamili. Ukichelewa tunakuacha."

Hakuchelewa. Alicheza nao Jumamosi hiyo na zilizofuata, mwaka mzima na zaidi. Walitaniana, walibishania mikwaju, waligawana biskuti kwenye shimo la tisa. Mambo mengine hawakuulizana. Ndivyo ilivyo uwanjani, Verlene anaeleza: mtu anakuja kupumzika, asiulizwe maswali.

Jumamosi moja ya Oktoba, kwenye shimo la kumi na moja, Biskuti alipiga mpira mzuri, akageuka ili asifiwe, na akaanguka.

Shemasi alidhani ni mzaha. "Inuka, bwana, hatukupi mkwaju wa bure," alimwambia. Lakini Verlene alikuwa ameona jinsi goti lilivyokunjika. Alipiga magoti, akasikiliza pumzi, hakusikia kitu. Wapishi wa shule hufundishwa huduma ya kwanza kila mwaka. Alipiga simu ya dharura, akaiweka kwenye nyasi, sauti juu, akaanza kumkandamiza kifua huku akihesabu.

Mwanamke wa upande wa pili wa simu alikuwa mtulivu. Aliuliza mahali, Verlene akajibu. Aliuliza jina la mgonjwa.

"Biskuti."

"Mama, nahitaji jina lake halisi."

Verlene akamtazama Shemasi. Shemasi alikuwa amecheza na mtu huyu miaka tisa. Akatikisa kichwa.

"Umri wake? Anatumia dawa gani? Ana mke, ana watoto?"

"Hatujui," Verlene alisema, mikono ikiendelea kukandamiza. "Hatujui, hatujui."

Shemasi alikimbiza kigari hadi lango la nyuma ili kuliongoza gari la wagonjwa. Lilipofika, dakika kumi na moja zilikuwa zimepita. Wahudumu walimshtua moyo mara mbili kwa mashine, wakasema mapigo yamerudi, wakaondoka naye.

Kilichofuata, Verlene anasema, kilimuuma kuliko kuanguka kwenyewe. Yeye na Shemasi walikwenda hospitali wakiwa na viatu vyao vya gofu. Dada wa mapokezi aliwauliza wamekuja kumwona nani.

"Bwana Biskuti," Shemasi alisema.

Dada yule alitafuta kwenye kompyuta, maana alikuwa na adabu. Hakuna mtu kama huyo. Ninyi ni ndugu zake? Hapana. Basi hawezi kuwaambia lolote. Sheria ni sheria, na Verlene hamlaumu.

Walirudi kwenye gari la Shemasi. Shemasi akasema, "Miaka tisa, Verlene. Najua anavyopiga akiwa na hasira, najua akidanganya hesabu hukuna sikio. Jina la baba yake silijui."

Verlene alikumbuka kitu kimoja: Biskuti aliwahi kusema kwamba kiganja chake hakipati sugu za gofu kwa sababu kina sugu za mkasi wa kunyolea. Jumatatu baada ya kazi, na Jumanne pia, walizunguka maduka ya vinyozi ya upande wa magharibi wa mji wakiuliza habari za mzee mwembamba anayependa biskuti. Kwenye la saba, mwenye duka aliacha kichwa cha mteja nusu.

"Mnamsema Lemuel? Lemuel Gaither? Kaninyoa mimi tangu nina miaka mitano. Kafanya nini tena?"

Ndivyo walivyolijua jina. Lemuel Gaither, miaka 68, kinyozi mstaafu, mjane asiye na mtoto. Mwenye duka alikuwa na namba ya mpwa wake aliyeko Georgia, mpwa akapiga simu hospitali, na Jumatano jioni Verlene na Shemasi waliruhusiwa kuingia wodini. Muuguzi aliwaambia kwamba tangu Jumamosi hakuna mtu mwingine aliyekuja kumuulizia.

Biskuti alikuwa amefanyiwa upasuaji.

"Siku nne," alisema kwa sauti iliyokauka. "Angalau mpira wangu mmeuokota?"

Shemasi alitoka nje ya chumba. Verlene alibaki, akamshika mkono. "Lemuel," alimwita, kwa mara ya kwanza.

"Usiniite hivyo. Aliniita hivyo mama yangu akiwa amekasirika."

"Nami nimekasirika."

Mzee Eubanks alistaafu majira ya kuchipua yaliyofuata, na Verlene akaomba nafasi yake. Alikuja na daftari jekundu siku ya kwanza. Kila anayefika peke yake huandika jina kamili, dawa anazotumia akipenda, na namba ya mtu wa karibu. Wengine walinung'unika. Mmoja aliuliza kama huu ni uwanja wa gofu au idara ya uhamiaji. Verlene alimwambia aandike kwanza, ulalamishi una ukurasa wake nyuma.

Katika misimu miwili, watu 143 wamejiandikisha, na kwa hesabu yake wengi wamepata kundi la kudumu: walimu, mafundi bomba, mjane wa mchungaji, mkimbizi wa zamani kutoka Bosnia anayepiga mpira kwa mkono wa kushoto. Daftari limetumika mara mbili tu kwa dharura, zote za vifundo vya miguu.

Takwimu anayoitaja taratibu zaidi ni nyingine. Kati ya hao 143, watu 31 hawakuwa na namba ya kuandika. Waliandika yake.

"Simu yangu siizimi tena," anasema. "Renita analalamika. Namwambia, mimi ni ndugu wa watu thelathini na mmoja, nizimeje?"

Biskuti hurudi Cutler Creek kila Jumamosi. Daktari amemruhusu mashimo matano. Hucheza sita na kusema hesabu imemchanganya. Siku hii anapita kidirishani akiwa na koti zito, anaweka biskuti mbili juu ya daftari.

"Umempata mtu leo?"

"Mmoja. Dereva wa lori."

"Anapiga vizuri?"

"Sijui. Kaandika jina lake lote."

Mpango wa Verlene kwa sasa uko kwenye barua. Ameiomba ofisi ya viwanja ya mji impe Jumatano kuanzia saa kumi alasiri, mashimo tisa kwa dola nane, kwa ajili ya watu waliohamia karibuni tu, wenye fimbo na wasio nazo. Jibu lilikuja wiki iliyopita: atapewa miezi miwili ya majaribio akifikisha watu ishirini kabla ya mwisho wa Mei.

Anao kumi na saba. Amebandika tangazo kwenye maktaba, kwenye duka la kufulia nguo na kwenye mlango wa lile duka la saba la kinyozi.

"Hao watatu hawanipi shida," anasema, akifunika kalamu yake. "Wako mji huu huu, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Nahitaji tu wapite mlangoni."